Kipindi Kikihama, Maelezo Yake Yahame Nacho

Hotuba kwa watayarishaji, waandishi na wahariri wa filamu na tamthilia

Ndugu watayarishaji, waongozaji, waandishi, wahariri wa picha na wa sauti, na wenzangu tusioona mlioketi humu: nawasalimu nyote, na nawashukuru walionialika.

Nimetunga onyesho fupi kwa ajili ya mazungumzo yetu kuhusu maelezo ya sauti, yaani sauti inayomsimulia asiyeona kile kinachoonekana kwenye picha. Nitalieleza kwanza kama linavyonifikia mimi. Mlango unafunguliwa, unafungwa. Nyayo. Karatasi inachanika. Kimya. Karatasi tena, safari hii inakunjwa. Kiberiti kinawashwa. Fidla inaanza kulia polepole. Mlango unafunguliwa tena, na mwanamume anauliza: "Kuna habari yoyote?" Mwanamke anajibu: "Hakuna." Onyesho limekwisha.

Nilichopata mimi ni mwanamke aliyerudi nyumbani, akawasha kitu, pengine jiko, pengine mshumaa, na hana habari. Mwenye macho amepata kingine kabisa. Ameona kwamba karatasi ile ni barua, na jina lililo kwenye bahasha ni la mumewe. Amemwona akiisoma, akirudia mistari ya mwisho, akiikunja mara nne na kuichoma juu ya sinki. Kwa hiyo linapokuja lile "Hakuna", mwenzangu anasikia uongo, mimi nasikia jibu. Kuanzia hapo tunafuatilia tamthilia mbili tofauti, ingawa tumekaa kochi moja.

Sasa wekeni maelezo ya sauti. Mlango ukishafungwa, sauti tulivu inasema: "Rehema ameshika bahasha yenye jina la Daudi. Anaichana." Inanyamaza. "Anasoma. Anarudia mistari ya mwisho." Inanyamaza. "Anaikunja mara nne, anaichoma juu ya sinki." Basi. Fidla inaachiwa nafasi yake, mlango unafunguliwa, Daudi anauliza, Rehema anajibu, na mimi nashtuka pamoja na wote. Angalieni pia ambacho sauti ile haikusema. Haikusema Rehema ana hofu. Haikusema ni mwongo. Imenipa nilichokosa, ikaniachia kuhukumu mwenyewe.

Kwa ambao hawajawahi kuona kazi hii ikifanyika: mwandishi wa maelezo anakitazama kipindi kipande kwa kipande, anatafuta mianya kati ya mazungumzo, anaandika maneno yatakayoenea humo, na kando ya kila mstari anaweka muda wa kuanza na wa kumaliza. Msomaji anaingia studio. Fundi wa sauti anachanganya, akishusha kidogo muziki na sauti za mazingira pale msomaji anapozungumza, kisha anazirudisha. Kinachotoka ni mkondo wa sauti wa pili, ambao mtazamaji anauchagua kwenye menyu palepale anapochagua lugha. Asiyeuhitaji hausikii kabisa. Hamumpunguzii mtu yeyote chochote.

Jambo hili halikuanzia kwenye intaneti. Mwaka 1981, katika ukumbi wa Arena Stage mjini Washington, Margaret Pfanstiehl, ambaye mwenyewe alikuwa amepoteza uwezo wa kuona, akishirikiana na Cody Pfanstiehl, alianza kuwapa wasioona maelezo ya michezo ya jukwaani kupitia vifaa vya masikioni. Mwaka 1990 kituo cha WGBH cha Boston kikaanzisha huduma ya maelezo kwenye televisheni ya umma ya Marekani. Wakati huo maelezo yalipita kwenye mkondo wa ziada wa sauti, na mkondo huo ulikuwa mmoja tu. Ukikuta umeshachukuliwa na tafsiri ya Kihispania, ndiyo imetoka. Ilikuwa ama Kihispania ama sisi.

Sheria nazo zilikwenda mbele na kurudi nyuma. Mwaka 2000 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilitunga kanuni za kuvilazimisha vituo vikubwa kuweka maelezo. Mwaka 2002 mahakama ikazifuta, ikisema Kongresi, yaani bunge la Marekani, haikuipa tume mamlaka hayo. Ilibidi watu wasioona wabishe hodi Kongresi, na mwaka 2010 ikapitishwa sheria iliyozirudisha. Kuanzia Julai 2012 vituo vilivyohusika vilitakiwa kutoa saa 50 za vipindi vyenye maelezo kila robo mwaka, na mwaka 2018 zikawa saa 87.5. Lakini kanuni hizo zilihusu matangazo ya hewani na ya kebo. Huduma za kutiririsha vipindi mtandaoni, ambako watazamaji walikuwa wanahamia kwa kasi, hazikuguswa.

Kisha likatokea la Daredevil. Ni tamthilia ambayo shujaa wake ni mwanasheria asiyeona. Netflix, mojawapo ya huduma hizo za mtandaoni, iliitoa tarehe 10 Aprili 2015, na ilitoka bila maelezo ya sauti. Watu wasioona walikuwa wanatengenezewa shujaa wasiyeweza kumfuatilia. Kelele zilipigwa, na siku chache baadaye, tarehe 14 Aprili, kampuni ikatangaza kwamba imeweka maelezo kwenye tamthilia hiyo na kwamba vipindi vingine vitafuata. Mwaka 2016 ikatiliana saini na Baraza la Wasioona la Marekani ahadi ya kupanua kazi hiyo. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha kitu ambacho watu wa fedha hupenda kukikana: kwamba inawezekana, na inawezekana upesi, mtu akiamua.

Kwa upande wa Uingereza, sheria ya vyombo vya habari ya mwaka 2024 imezifikia huduma kubwa za kutiririsha. Itazitaka ziwe na manukuu, yaani maneno yanayoandikwa chini ya picha, kwenye asilimia 80 ya vipindi vyao, lugha ya alama kwenye asilimia 5, na maelezo ya sauti kwenye asilimia 10. Nafurahia kwamba wenzetu viziwi watapata manukuu kwenye asilimia 80. Walipigania, wanastahili, na kwenye lugha ya alama bado wanapunjwa. Nataka tu mkae na hiyo 10 kidogo. Maana yake ni kwamba huduma yenye vipindi mia inaweza kutii sheria kikamilifu huku ikinifungia tisini. Mtu anaponiuliza napenda tamthilia za aina gani, jibu la kweli ni kwamba nachagua miongoni mwa zilizoelezwa. Ladha yangu haijapata nafasi ya kuonekana. Kuna waongozaji wanaosifiwa kila mahali ambao sijui kazi yao ina uzito gani, kwa kuwa hakuna aliyeniambia kinachotokea ndani yake. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika kifungu cha 30, unasema kufurahia vipindi vya televisheni na filamu katika miundo inayofikika ni haki. Haukuweka asilimia.

Mnaweza kuuliza: kwani hakuna mtu nyumbani wa kukusimulia? Yupo. Dada yangu amenisimulia tangu tukiwa wadogo, na sijui mtu mwenye moyo kama wake. Lakini hebu msikilizeni akiwa kazini. "Wameingia kwenye gari. Yule mzee... ngoja. Ngoja kidogo. Heh!" Kisha chumba kizima kinaguna. Nauliza, kuna nini? "Nitakwambia, ngoja." Anataka kuona mwenyewe kwanza, na ni haki yake. Anaponiambia, onyesho limeshapita, wengine wameshacheka na kumaliza, nami nacheka peke yangu au sicheki kabisa. Wakati huohuo sauti yake imefunika mazungumzo yaliyofuata, kwa hiyo nimepata kimoja nimekosa kingine, na mwenzetu aliyekaa pembeni ameshaanza kunung'unika. Dada yangu naye hajakitazama kipindi kwa raha. Amefanya kazi jioni nzima. Siku ambayo tamthilia ina maelezo yake, anakaa, ananyoosha miguu, na tunabishana kuhusu nani muuaji, kila mtu na ushahidi wake. Hicho ndicho ninachokitafuta. Nataka kubishana naye nikiwa na ushahidi uleule alio nao.

Sasa nirudi kwenye huduma za mtandaoni, maana zina neema na zina ugonjwa. Neema yake ni kwamba kile kizuizi cha mkondo mmoja kimeondoka. Kipindi kimoja kinaweza kubeba lugha kumi na maelezo kwa kila lugha. Picha inaweza hata kusimamishwa sekunde chache pale ambapo mwanya hautoshi, kisha ikaendelea; miongozo ya kuzifanya tovuti zifikike kwa watu wenye ulemavu inautambua mtindo huo, na kwa filamu za mafunzo, zinazojaa michoro na takwimu, ungetusaidia mno, lakini ni nadra sana kuukuta.

Ugonjwa wake ni huu. Tamthilia inatengenezwa, huduma ya kwanza inainunua na kulipia maelezo. Muda wa leseni unaisha, tamthilia inahamia huduma ya pili. Picha inahama, sauti ya asili inahama, manukuu yanahama. Maelezo yanabaki. Aliyeyalipia ni msambazaji wa kwanza, yako kwenye hifadhi yake, na kwenye orodha ya vitu vya kukabidhi hayamo kwa sababu hakuna aliyeyaandika. Mimi nilikuwa nafuatilia tamthilia moja ya kipolisi kwa misimu miwili, nimewajua watu wake kwa nyayo zao. Ikahama. Nikafungua msimu wa tatu, nikaenda kwenye menyu ya sauti, nikakuta lugha ya asili peke yake. Nikarudi kwenye msimu wa kwanza ambao nilikuwa nimeshausikiliza ukiwa na maelezo. Hayapo. Nikaandikia huduma ile nikajibiwa kwa adabu kwamba wanathamini maoni yangu.

Faili lile lipo. Kuna mtu alikaa akaliandika neno kwa neno, mwingine akalisoma, mwingine akalichanganya, na limefungiwa mahali ambapo halimfaidii yeyote, wala aliyelilipia. Mara nyingine huduma ya pili inaamua kutengeneza upya maelezo ya kipindi kilekile, fedha zinalipwa mara mbili kwa kazi moja, huku maelfu ya vipindi havijaguswa hata mara moja. Hili linaniuma kuliko uhaba wenyewe. Uhaba naweza kuuelewa. Kufungia kabatini kitu kilichokwisha kutengenezwa, siwezi.

Chanzo chake ni kwamba maelezo yanahesabiwa kuwa huduma ya msambazaji, kama kifungashio. Mimi nasema ni sehemu ya kazi ya sanaa, na nina sababu. Mwongozaji anaweza kukaa siku nzima akichagua rangi ya ukuta wa chumba. Anamkatalia mbunifu mara nne. Halafu maneno yatakayoibeba rangi hiyo mpaka kwangu yanaandikwa na mtu ambaye mwongozaji hajawahi kuzungumza naye, akiwa na siku chache tu na bila skripti. Kama ukuta ule una maana, basi maneno yake yana maana. Mwandishi wa maelezo apewe skripti. Apewe majina ya wahusika na jinsi yanavyotamkwa. Apewe nusu saa ya kumuuliza mwongozaji: hapa ulitaka mtazamaji aone nini kwanza, uso au mkono?

Maelezo yakifanywa kwa haraka, tunayajua mara moja. Yanakanyaga mazungumzo. Yanasema "anahuzunika" badala ya kusema amefanya nini kwa mikono yake. Yanatangulia tukio: msomaji anasema "anachomoa bastola" sekunde tatu kabla haijachomolewa, na wenzangu waliokaa nami wanakasirika kwamba nimejua mapema. Kwenye vichekesho kuchelewa nusu sekunde kunaua mzaha. Yanamtaja mhusika kwa jina kabla tamthilia yenyewe haijataka ajulikane. Au yanajaza kila kimya, kana kwamba kimya ni shimo la kufukia, wakati mtunzi amekiweka makusudi nikisikilize.

Kuna suala la rangi ya ngozi ambalo linahitaji uamuzi wa wazi. Kwa miaka mingi maelezo yaliwataja kwa rangi watu weusi na watu wa asili ya Asia, na wazungu yakawaacha bila kutajwa. Msikilizaji akajengewa dunia ambamo kila asiyetajwa ni mzungu. Ama mnawataja wote kwa kipimo kimoja, ama hamtaji yeyote mpaka hadithi ilazimu. Mimi nataka kuambiwa. Mwenye macho anaona mara moja ni akina nani waliopewa nafasi za kuigiza, na mimi nina haki ya kujua.

Na meseji! Tamthilia za leo zimejaa simu. Mapenzi yanavunjika kwa meseji, mauaji yanapangwa kwa meseji, na mimi nasikia mlio tu, kisha mtu anashusha pumzi. Ni hivyohivyo kwa mazungumzo ya lugha ya kigeni yanayowekewa manukuu katikati ya kipindi. Nani atanisomea? Yasomwe, tena kwa sauti inayotofautiana na ile ya maelezo, ili nijue nani anazungumza.

Kuhusu sauti za mashine nitasema kifupi, kwa kuwa najua ndilo swali mlilolishika mkononi. Mimi naishi na sauti ya mashine. Kisoma skrini changu, programu inayonisomea kwa sauti yaliyo kwenye kioo cha simu au kompyuta, huzungumza nami tangu asubuhi hadi usiku, na kwa mwendo ambao wengi wenu hamtaufuata. Siiogopi. Kwa maktaba kubwa ya filamu za makala za zamani ambazo vinginevyo hazitaguswa, nitaipokea. Kwa tamthilia siitaki. Msomaji mzuri anajua kuishusha sauti yake inapokaribia jeneza na kuikaza gari linapokimbia, bila kuigiza. Na hata pale mashine inaposoma, maneno yaandikwe na mtu, na yasikilizwe na asiyeona kabla hayajatoka. Mwenye macho hawezi kukagua maelezo peke yake. Anapoyasikia tayari ameshaona. Hajui ni kipi kimekosekana. Tupo wasioona tunaofanya ukaguzi huo, wapo wanaosoma, wapo mafundi wa kuchanganya sauti. Waajirini na muwalipe kama mnavyowalipa wengine.

Jambo jingine ni kuyafikia maelezo yenyewe. Nimewahi kufungua programu ya kutazamia vipindi kwenye televisheni na kisoma skrini kikaniambia: "Kitufe. Kitufe. Kitufe. Kitufe." Kimojawapo kilikuwa cha maelezo ya sauti. Kimewekwa kwa ajili ya mtu asiyeona, na asiyeona hawezi kukitambua. Vipeni vitufe majina. Kwenye simu za iPhone kuna mpangilio unaosema mtumiaji anapendelea maelezo ya sauti popote yalipo. Programu zenu ziuheshimu, nisiwashe upya kila sehemu inayofuata. Andikeni kwenye ukurasa wa kipindi kwamba maelezo yapo, ili nijue kabla ya kulipia, na muweke njia ya kuvichuja vyote vyenye maelezo. Trela nazo mnazisahau. Mnanitangazia filamu kwa muziki wa vishindo na maneno matatu, halafu mnashangaa sikuja.

Naja kwenye ombi langu, na ni la watu wa mikataba zaidi kuliko wa kamera. Nimeandika kipengele kwa msaada wa mwanasheria. Kina mambo matatu: kwamba mkondo wa maelezo ya sauti na muswada wake ni miongoni mwa vitu vinavyokabidhiwa pamoja na kipindi, kwamba yeyote atakayeyalipia, mtayarishaji anabaki na haki ya kuyapeleka kokote kipindi kinakokwenda, na kwamba atakayepewa leseni ya kipindi hawezi kuyaacha nje wakati yapo. Mtaona wasambazaji wakisema wao ndio waliolipa, kwa hiyo ni mali yao. Wajibuni kwamba gharama inaweza kugawanywa, na kwamba kesho wao nao watapokea kipindi ambacho maelezo yake yamelipiwa na mwingine. Kwa vipindi ambavyo mikataba yake ilishatiwa saini, aliyenunua maelezo aandikiwe barua na kuombwa aachie nakala. Wapo watakaokubali, wengi hawajawahi kuombwa.

Kipengele hicho kiko mezani karibu na mlango, kwa maandishi ya kawaida, kwa breli, na kwenye faili ambalo kisoma skrini kinalisoma vizuri. Mwenye mkataba unaosubiri saini wiki hii aje tuusome pamoja kabla hajaondoka. Mwanasheria aliyenisaidia yupo hapa na amekubali kubaki mpaka jioni.